Ametangulia

Jumatatu, 24 Novemba

Magurudumu tena. Mvua tena. Kilomita kumi na sita za skii za magurudumu kwenye njia ya reli ya zamani, hapa Woluwe, Ubelgiji, kabla ya zamu. Papa Roger, kocha wangu, nyuma yangu kwa baiskeli, filimbi mdomoni kama trafiki. Bibi mwenye mbwa kaniuliza theluji iko wapi. Kila wiki ananiuliza, kila wiki anacheka mwenyewe. Leo nimempita tu.

Zamu saa sita mchana. Nimeogesha wazee tisa na vidole havikunjiki.

Orodha mpya imetoka. Burundi ina nafasi moja ya mwanamke kwa mashindano ya Februari. Moja. Kaneza anayeishi Uswidi ni wa kwanza. Mimi niko kwa wasiohesabiwa, maana ili uhesabiwe lazima uwe na mbio tano, na mimi wameniandikia tatu. Wallahi nimekimbia saba! Nazijua moja moja pamoja na maumivu yake. Kila mbio inakupa pointi kulingana na ulivyoachwa na mshindi. Pointi chache ndiyo heri. Wanachukua tano zako bora, wanatafuta wastani, basi. Januari tarehe kumi na nane wanafunga mlango. Miaka minne ya maisha yangu iko ndani ya tano hizo.

Papa Roger atawaandikia ofisi ya timu. Ni Mbelgiji, mwalimu wa michezo mstaafu, mzaliwa wa Bukavu, na Kiswahili chake hakijawahi kutoka Bukavu. "Usikuwe na haraka, mutoto yangu. Kutangulia si kufika." Nimechoka na methali za wazungu.

Alhamisi, 27 Novemba

Mbio zangu nne zimepatikana. Afadhali zisingepatikana.

Papa Roger alinipigia nikiwa chumba cha nguo chafu. Ziko kwenye orodha ileile, mstari mwingine, jina BUKURU, tarehe ya kuzaliwa yangu. Nilikaa juu ya gunia la mashuka.

Niandike vizuri, maana kichwa kinazunguka. Kwetu mapacha hawatafutiwi majina. Anayetoka kwanza ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, kama Watanzania na Kulwa na Doto wao. Mimi ni Butoyi. Bukuru wangu alizikwa kambini, Kigoma. Homa ya siku tatu. Tulikuwa na miaka minne. Mama hakuacha kutuita kwa pumzi moja, Bukuru-na-Butoyi, hata baada ya kubaki mmoja. Tulipofika Ubelgiji karani akamuuliza jina la mtoto, Mama akajibu kama alivyozoea. Na karani, ambaye kwao kila mtu lazima awe na jina la ukoo, akaandika: ukoo BUKURU, jina Butoyi. Kadi yangu ya ukaazi iko hivyo mpaka leo. Pasipoti ya Burundi, niliyoipata ukubwani, inasema BUTOYI Zuhura, hilo la pili ni la dini.

Msimu wa kwanza Papa Roger alinisajili kwa kadi. Baadaye kwa pasipoti. Kompyuta ikazaa watu wawili.

Bukuru ana mbio nne. Mimi tatu. Na wastani wake ni mzuri kuliko wangu! Papa Roger akasema, bila kufikiri, "Bukuru ametangulia." Ndivyo Mama anavyosema miaka yote. Hasemi amekufa. Anasema ametangulia. Nilimkatia simu mzee wa watu.

Ijumaa, 28 Novemba

Ofisi wamejibu. Watatuunganisha, bon, lakini wanataka karatasi ya komini, manispaa yangu, inayoeleza Bukuru ni nani, na maelezo ya mzazi. Faili moja lifungwe, libaki moja.

Nimepiga hesabu. Tukiunganishwa niko nyuma ya Kaneza kwa unywele, na kuna mbio moja bado, Desemba. Tusipounganishwa sina kitu. Rahisi. Jumapili naenda kwa Mama.

Jumapili, 30 Novemba

Si rahisi.

Molenbeek, ghorofa ya tatu, nyumba nzima inanuka ndagala, dagaa wa kwetu. Nilingoja ashibe. Nikamweleza polepole, mara mbili. Akaweka kijiko chini.

"Unataka niende kwa wazungu nikaseme mwanangu hayupo?"

Nikasema, Mama, lakini hayupo.

"Ametangulia. Hayupo ni neno jingine."

Hatasaini. Hawezi kumfuta mtoto wake, eti kwa ajili ya kuteleza. Nilishuka ngazi nimefura, nikasahau mwavuli. Fomu zake zote najaza mimi. Hospitali namsindikiza mimi. Siku moja tu naomba saini! Namwonea wivu maiti wa miaka minne. Basi, nimeliandika.

Jumatano, 10 Desemba

Msitu wa Soignes, saa tatu asubuhi, ukungu wa kukata kwa kisu. Papa Roger alibaki darajani na saa yake. Raundi ya tatu, mbele yangu: tok, tok, tok. Fimbo za skii kwenye lami. Mlio ule naujua kama kikohozi cha Mama. Nilifurahi, mwenzangu huyo, nikakaza nimpate. Sikumpata. Nikipunguza, anapunguza. Nikikaza, anakaza. Kwenye mteremko wenye majani yaliyooza niliona visigino viwili. Halafu kona. Halafu lami tupu, ndefu, hakuna pa kujificha hata mbwa.

Kumbukumbu yangu ya Bukuru ni moja tu. Visigino vyake, tukienda bombani kuteka maji, yeye mbele.

Nilipofika darajani Papa Roger aliniuliza kwa nini nimerudi nyuma. Ameshaniona nikipita. Ameshapiga saa na kuandika kwenye daftari, muda bora kuliko wote niliowahi kupata. "Ulipita mbio kabisa, hata haukunisalimia." Amekasirika kidogo kwamba sikumsalimia.

Nimesoma Ayatul Kursiy mara tatu ndani ya basi, midomo imefungwa.

Jumapili, 14 Desemba

Mama hapokei simu. Mimi pia siombi tena. Nitakimbia mbio ya Desemba kama Butoyi, nipate ya nne, ambayo haitoshi. Naenda kwa ukaidi tu.

Jumamosi, 20 Desemba

Ujerumani, mlimani. Theluji ya kweli. Baridi ya kupasua midomo. Naandika hotelini kabla ya chakula.

Majina yalibandikwa kwenye dirisha la kibanda, kwa mpangilio wa kuanza. 40 Kaneza. 41 BUKURU. 42 BUTOYI. Papa Roger anaapa alinisajili mara moja tu, kwa pasipoti. Wazungu walisoma, wakapita, hawakuona kitu. Kaneza aliona pale pale. Mrundi yeyote angeona. Alinijia na mikono miwili, msichana mrefu, meno yote nje, ndiyo mara ya kwanza tunaonana. "Kumbe mko mapacha! Na mwenzako yuko wapi?"

Ningesema nini, dakika kumi kabla ya mbio? Nilisema kama tunavyosema kwetu. "Ametangulia."

Akatazama upande wa lango la kuanzia, akatikisa kichwa, haya, akaenda zake kujipasha moto. Nikaelewa alivyonielewa. Sikumsahihisha.

Tunaachiwa mmoja mmoja, kila nusu dakika. Kaneza akaondoka. Spika ikamwita Bukuru. Lango tupu. Saa ikahesabu, ti, ti, ti, tiii. Mzee wa lango alisogea kando, vile unavyompisha mtu mwenye haraka, kisha akatazama viatu vyake kama aliyeona aibu. Halafu mimi.

Theluji ilikuwa inaanguka nene, imeshafunika alama za wote waliopita. Isipokuwa jozi moja. Mpya, kingo zake kali. Nilizifuata kilomita zote kumi. Nilipochoka, hatua zake zilifupika. Nilipopata nguvu, zikarefuka. Sikuogopa hata kidogo. Hilo ndilo linaloniogopesha sasa.

Matokeo: Kaneza vizuri. Mimi nyuma yake. Na juu yetu wote wawili, namba 41, BUKURU, dakika na sekunde zake kamili.

Kidude cha kuhesabia muda tunachofungwa mguuni, kile cha 41, kilikuwa mezani ndani ya bahasha. Haijafunguliwa. Mtu wa saa alisema huenda msimamizi amekatiza mstari. Akainua mabega. Papa Roger alifungua mdomo alalamike, mimi nikamvuta mkono. Mimi. Robo saa ya malalamiko ikapita, matokeo yakagongwa muhuri.

Jumapili, 21 Desemba

Orodha. Bukuru mbio tano, wa kwanza. Kaneza wa pili. Mimi mbio nne, sihesabiwi.

Na barua ya ofisi: hongera, Bukuru. Nafasi ni yako ikiwa hakuna atakayekupita kabla ya mlango kufungwa. Thibitisha. Tuma kipimo cha jaketi.

Nimetazama kadi yangu ya ukaazi asubuhi nzima. BUKURU. Picha yangu, jina hilo. Nani ataniuliza? Mbio nne kati ya tano nimezikimbia kwa mapafu yangu haya. Papa Roger nimemuuliza. Kasema fanya vile roho yako inakwambia, akawa anapangusa skii ambazo zilishakauka.

Jumanne, 23 Desemba

Nimethibitisha. Kipimo cha kati.

Nilipiga kelele jikoni peke yangu kama mwehu. Naenda! Nikampigia Mama, safari hii alipokea. Akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. "Bukuru! Bukuru wangu!"

Hakuongeza "na Butoyi". Tangu nizaliwe ni mara ya kwanza pumzi yake haikunifikia. Nilingoja. Akaaga.

Jumatatu, 29 Desemba

Vitu viwili vimekuja leo.

Barua pepe ya ofisi. Ili kuondoa utata wamefunga faili la BUTOYI Zuhura. Halipo tena. Nilijitafuta kwenye orodha. Kutoka Kaneza wanaruka moja kwa moja kwa msichana wa Lyon ambaye hajafikisha hata mbio mbili.

Na jaketi. Zuri, zito, BUKURU mgongoni. Lilikuwa ndani ya plastiki, limefungwa kwa gundi, limetoka kwenye gari la posta lenye barafu. Nikalivaa. Ndani lilikuwa na joto. Joto la mtu, kama kiti cha basi alichoinuka mwenzako sasa hivi.

Nimelitundika sebuleni, nikafunga mlango wa chumba. Mtu mzima, miaka ishirini na tisa, naogopa koti.

Ijumaa, 2 Januari

Nilienda Molenbeek nimelivaa. Nilitaka Mama alione. La, nisijidanganye. Nilitaka kuona atanifanyaje.

Alifungua mlango. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akacheka kwa furaha, akasema, karibu Bukuru. Halafu akachungulia nyuma ya bega langu, kwenye ngazi, akitafuta. Akangoja. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na Butoyi yuko wapi?"

Mungu anisamehe. Nilisema, "Ametangulia, Mama."

Alikaa chini palepale mlangoni, kwenye viatu. Alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, hata Kigoma, kama nakumbuka chochote cha Kigoma. Nilivua jaketi, nikakaa naye chini. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaushika na kuushika, akisema wewe ni wangu, wewe ni Butoyi, uko hapa. Nilikuwa na hasira bado. Nilikuwa na huruma pia. Tulikunywa chai imeshapoa.

Kabla sijaondoka akaniuliza komini wanafungua saa ngapi.

Jumatano, 7 Januari

Komini ya Woluwe, dirisha la nne. Mama na kilemba chake cha Idi. Karani kijana, mpole, akaniomba nitafsiri. Mama akanisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Bukuru, elle est morte."

Karani akauliza lini, wapi. Mama akataja. Mwezi, siku, hata saa, mambo ambayo mimi sijawahi kuambiwa. Akasaini polepole, jina lake lote, ulimi umetoka kidogo. Tulipofika nje akasema tena, kwa Kiswahili, akiwa anatazama tramu. "Amekufa mtoto wangu." Hakuna aliyegeuka. Kwenye basi alilala begani kwangu mpaka Porte de Namur, ikabidi nimwamshe tubadilishe.

Alhamisi, 8 Januari

Barua. Nimeiandika mara nne.

Kwanza: Butoyi yupo, ni mimi, lifungueni faili langu. Bukuru ni dada yangu, amekufa, karatasi hii hapa. Mbio zake nne za zamani ni zangu.

Pili: mbio ya Desemba, namba 41, si yangu. Iondoeni.

Hiyo ya pili ndiyo kisu. Papa Roger alipiga hesabu mbele yangu, meza ya jikoni kwake, penseli ndogo kama kucha. Tukiunganishwa pamoja na ile 41, naenda Februari. Tukiunganishwa bila 41, Kaneza ananipita. Kidogo. Kidogo cha kukufanya utapike. "Unaweza kunyamaza tu kwa ile moja," akasema. "Hakuna muntu atauliza." Hakunisukuma. Alisema tu, kwa sababu ananipenda, na kwa sababu ana miaka sabini na sita na sidhani kama atapata mwingine wa kumfundisha.

Nilimfikiria Kaneza na mikono yake miwili. Nilijifikiria niko langoni, Februari, spika inaita jina, na mimi najua nani atasogea mbele.

Nikatuma. Papa Roger akasema bon, akapenga kamasi, akaenda kutazama mvua.

Ijumaa, 16 Januari

Sijafanya mazoezi siku tatu. Nimechukua zamu za watu. Jaketi nimelirudisha posta. Namchukia kila mtu, na bibi wa mbwa zaidi.

Jumatatu, 19 Januari

Orodha imefungwa jana. Kaneza wa kwanza. BUTOYI Zuhura wa pili, mbio nane, zote zangu. Mwanya ni mdogo kama Papa Roger alivyosema. Wa pili haendi popote. Nililia dakika tano, nikanawa uso, nikaendelea na vyumba.

Mchana Kaneza akapiga. Sikutaka kupokea, nikapokea. Alishukuru, akaona haya, akashukuru tena. Ofisi hawakumweleza kitu zaidi ya kwamba jina moja limeondolewa. Aliuliza kwa nini wamemtoa dada yangu, wakati alikuwa mbele yetu sote. Nikasema ni mambo ya karatasi.

Akasema ana kitu cha dada. Siku ile, kwenye kilima cha pili, fimbo yake ilivunjika vipande viwili. Akajua basi, yamekwisha. Bukuru alikuwa ameshamfikia. Alisimama katikati ya mbio, akampa fimbo yake mwenyewe, akaenda na moja. Alicheka tu. Sura yangu hasa, kasema, ila mwenye furaha. Alimtafuta mpaka giza likaingia ili amrudishie. Alitaka anwani yetu.

Nilimuuliza fimbo ina urefu gani. Nikamsikia akitafuta futi, akipima. Ni urefu wangu. Fimbo zangu mimi ziko hapa, mbili, nyuma ya mlango.

Nilimwambia asiitume. Aende nayo Februari.

Akauliza kama dada hataihitaji. Nikasema hapana, bado anayo moja.